Kuhamia SSD mpya na Windows yako ileile: mambo ya kujua kabla hujafungua skrubu

Wengi wanaoleta laptopu hapa kitengo cha TEHAMA wanalia na kitu kimoja, mashine nzito, ukiiwasha unaenda kuchemsha chai unarudi bado inazunguka tu. Na wengi wameshaambiwa mtaani wanunue mashine mpya. Ukiifungua unakuta prosesa bado nzima, RAM ipo ya kutosha, tatizo ni ile hadi diski (hard disk) ya kuzunguka, inayotunza Windows na vitu vyako vyote. Hadi diski ya laptopu ikijitahidi sana inasoma kama MB 100 kwa sekunde, na hapo ni faili moja kubwa lililokaa mfululizo, ikipewa vifaili vidogo vidogo elfu kama Windows inavyofanya ikiwaka inashuka chini kabisa. SSD ni diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na ile ya SATA, yani inayotumia njia ileile ya kuunganishia ya hadi diski hizo, inafika kama MB 500 na zaidi kidogo, na kwenye vifaili vidogo ndo inaiacha mbali kabisa.

Sasa mtu ananunua SSD, anaichomeka kwa USB, anafungua diski C, anachagua vyote, anakopi anapesti. Haifanyi kazi hivo jamani. Picha na dokumenti zitahama sawa, ila Windows yenyewe haitawaka na programu hazitafunguka, kwa sababu programu ikiingizwa haikai kwenye folda moja, inaacha vitu kwenye folda za mfumo, inajiandikisha kwenye rejista ya Windows, lile daftari lake la mipangilio, nyingine zinaweka huduma zinazowaka zenyewe mashine ikiwaka. Afu kuna patisheni ndogo, yani kipande cha diski kilichotengwa, ambayo huwa huioni kwenye orodha ya diski zako, ndo ina vile vifaili vya kuwashia, ukiiacha nyuma hiyo SSD itabaki stoo tu. Kinachotakiwa ni kukloni, yani diski nzima inanakiliwa pamoja na patisheni zake zote, kama kuhamisha mti na mizizi yake.

Kabla hujakloni angalia afya ya diski ya zamani, na hapa ndo nakaza maana wengi wanaruka. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ukiifungua inakupa rangi. Bluu endelea. Ikiwa njano au nyekundu na ukaona hesabu ya sekta (vijisehemu vya diski) zinazosubiri au zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu inapanda, usikimbilie kukloni diski nzima, kopi kwanza vitu vya maana, thesis, picha za familia, vitabu vya hesabu za biashara, maana kukloni kunalazimisha diski kusoma kila kona na diski inayokufa inaweza kufia humohumo katikati. Hata ikiwa bluu fanya bakapu ya vile usivyoweza kuvipata tena.

Jambo la pili ni BitLocker, kufuli la Windows linalogeuza data za diski zisisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi mpya zinakuja zimefungwa kwa siri na mwenyewe hajui, ameingia tu na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza ikajifunga. Ukibadilisha diski au ukigusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya mashine inayotangulia kabla ya Windows, inaweza kukudai namba ya kufungulia, tarakimu 48, na kama huna hamna fundi wa Kariakoo wala wa Marekani atakayekutolea. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uitafute, iandike kwenye karatasi, kisha zima hiyo BitLocker kabisa usubiri imalize kufungua ndo uendelee, utaiwasha tena ukishahamia.

Kununua SSD yenyewe usibahatishe. Laptopu ya zamani yenye hadi diski ya inchi 2.5 inapokea SSD ya SATA ya umbo hilohilo. Zile ndogo kama kijiti cha bigijii zinaitwa M.2, na humo kuna za SATA na za NVMe ambazo zina kasi zaidi, sura karibu moja lakini tundu halipokei zote, kwaiyo tafuta modeli ya mashine yako kwenye tovuti ya kampuni yake kabla hujatoa hela. Na usishangae ukinunua ya GB 256 Windows ikakuonyesha 238, hujaibiwa, kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Cha kuangalia ni nafasi uliyokwisha kutumia, kama umetumia 300 usinunue ya 256 ukitegemea miujiza.

Programu ya kukloni, kama umenunua Samsung wana ya kwao ya bure lakini inahamishia kwenye Samsung tu, Crucial nao wanakupa toleo la Acronis. Macrium Reflect ya bure iliyokuwa inasifiwa sana wameshaiacha tangu 2024. Isiyobagua ni Clonezilla, ya bure kabisa, unaiweka kwenye flashi unawashia mashine, ila sura yake ni ya maandishi tupu na kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani, ikiwa ndogo itabidi upunguze patisheni kwanza. Kabla ya kuitumia zima Windows huku umeshikilia Shift, la sivyo inalala nusu nusu na Clonezilla itaikataa.

Chomeka SSD kwa kebo ya SATA kwenda USB, chomeka na chaja maana umeme wa betri usiuamini, kisha soma mara mbili diski ipi inatoka na ipi inapokea. Zitambue kwa modeli na ukubwa. Ukigeuza, diski tupu inanakiliwa juu ya yenye vitu vyako na hapo hamna cha kurudisha. Kwa USB ya zamani, GB 200 zinaweza kuchukua saa moja na nusu mpaka mbili, iache.

Ikimaliza zima mashine, TOA ile ya zamani, weka mpya, ndo uwashe. Zikiwa zote mbili ndani zina utambulisho mmoja, Windows inachanganyikiwa, inaizima moja au inawaka kwenye ya zamani na wewe unadhani umeshahama. Isipowaka ingia BIOS uangalie mpangilio wa kuwasha, na kama ya zamani ilikuwa inawaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwashia, usibadilishe kwenda legasi, ile njia ya zamani. Ukitoka SATA kwenda NVMe ikaleta skrini ya bluu, jaribu kuiwasha kwa sefu modi (Safe Mode, Windows ikiwa na vitu vichache tu vya lazima) mara moja, mara nyingi inaokota draiva yake. Leseni ya Windows usiwe na wasi, kwa kawaida imeshikana na madabodi sio diski. Na ikiwa SSD mpya ni kubwa ukaona nafasi imebaki wazi ila C inakataa kuongezwa, angalia katikati, kuna ile patisheni ya kurejeshea imekaa njiani.

Niseme na hili, SSD haifanyi mashine ya zamani ikubali Windows 11. Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025, kwaiyo kama mashine haikidhi vigezo utakuwa na mashine yenye kasi lakini mfumo uliopitwa, fikiria Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows.

Diski ya zamani iache kabatini wiki kadhaa bila kuifuta, tumia mashine, fungua kila programu unayoitegemea, printa, programu ya hesabu, vyote. Ukiridhika na unataka kuiuza, usiifomati kwa ile njia ya haraka, faili zinarudi kirahisi sana. Ondoa tiki kwenye fomati ya haraka, Windows itaandika sifuri kwenye patisheni yote unayoifomati, itachukua masaa. Njia hiyo ni ya hadi diski za kuzunguka, SSD inafutwa kwa programu ya kampuni iliyoitengeneza.