Pemba haina mlima, lakini ina ndege wake

Ukitaka ndege adimu, panda mlima. Wengi tunaamini hivyo, na milima ya Bara imetupa sababu: Udzungwa mwaka 1991, watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemjua ikielea ndani ya sufuria kambini, na kumbe ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika.

Pemba ina vilima vya mikarafuu tu. Hata hivyo ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kile kijindege cha manjano chenye duara jeupe machoni.

Siri yake ni kina cha bahari. Kati ya Unguja na Bara maji ni machache. Zama za barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na Bara na ndege wakachanganyika. Mkondo wa Pemba, ule ulio kati ya Pemba na Bara, una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana Unguja, pamoja na ukubwa wake na msitu wake wa Jozani, haina hata spishi moja ya ndege iliyo yake peke yake. (Kima punju, aina ya kima, ni wa Waunguja, hilo hatuwanyimi.)

Tena watu husikia "hapatikani pengine" wakadhani ni haba, wakafunga safari hadi msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba, kumtafuta chozi ambaye pengine wamemwacha nyumbani akinyonya maua ya uani. Ngezi nendeni, ila kwa ajili ya bundi. Naye huyo anaishi hata kwenye mashamba ya mikarafuu mikongwe, na usiku hutoa "hu" moja, akanyamaza, kisha nyingine. Wazee wakiisikia husema kuna maiti inakuja. Kinachokufa hapo ni panzi na wadudu wenzake, maana ndicho chakula chake.

Popo wa Kidike, hapo hapo Pemba, sikumhesabu: si ndege, ananyonyesha.

Na kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu, tunayemwona kama mzaliwa, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka. Taka anakula kweli, lakini anakula pia mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya kuku uani.