Chombo kilichotiwa nanga hakijaegeshwa

Juma lililopita nililisikia tena, kwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja, safari hii kutoka kwa mgeni wetu aliyekuwa ameshavaa kofia na kuketi kwenye boti ya mpira, begi likiwa mapajani: "Si umeshaegesha? Twende zetu basi." Mimi nilikuwa bado omo, yaani mbele ya chombo, nimepiga magoti, kiganja kimelala juu ya mnyororo. Nilimwomba asubiri dakika 20. Alinitazama kama anavyotazamwa dereva aliyezima gari na kufunga milango, kisha akabaki amesimama kando yake kuhakikisha kwamba halitaondoka lenyewe.

Kuegesha ni kukiweka kitu kikaegemea kingine, au kikae karibu nacho kabisa, na ndiyo maana chombo huegeshwa gatini, ambako kuna ukuta wa kukiegemea na kamba za kukizuia pande zote. Chombo kilichotiwa nanga hakijaegemea chochote. Kimeshikwa na mnyororo mmoja unaoishia kwenye chuma kilichojifukia katika mchanga ambao mara nyingi hatuuoni, na kinaendelea kutembea muda wote tunapokuwa nchi kavu. Kwetu sisi ambao chombo ndiyo nyumba, swali la siku ya kushuka pwani ni kwamba nyumba itakuwa wapi saa kumi jioni.

Nianze na jepesi. Nanga haishiki kwa uzito wake, bali kwa kujichimbia, na hujichimbia pale tu inapovutwa kwa ulalo karibu na sakafu ya bahari. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka, na hivyo ndivyo tunavyoing'oa tunapotaka kuondoka. Mnyororo mrefu hufanya mvuto uwe wa ulalo, na mnyororo mfupi huufanya uwe wa kupanda. Hili wengi wanalijua. Kinachonikera ni hesabu inayofuata.

Kila anayeanza huambiwa atoe mita tano za mnyororo kwa kila mita moja ya kina, au saba ikiwa sehemu kubwa ni kamba, naye huikariri kanuni hiyo bila kuuliza kina hicho hupimwa kutoka wapi na saa ngapi. Tuseme kipima kina kinaonyesha mita 4 kutoka usawa wa maji, na maji yamepwa. Mwanafunzi wetu anazidisha mara tano, anatoa mita 20, anafurahi. Lakini mnyororo hauanzii kwenye usawa wa maji. Unaanzia kwenye roda (kigurudumu unachopitia) ya omo, ambayo katika chombo chetu iko mita 1.2 juu yake. Tena maji yatajaa, na siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa kuliko siku nyingine, mahali tulipokuwa yalikuwa yapande mita 3. Kwa hiyo kina cha kuhesabia ni 4 na 1.2 na 3, yaani mita 8.2, na mnyororo unaotakiwa ni mita 41. Zile mita 20 zilizoonekana kutosha wakati wa kutia nanga zinakuwa chini ya mara mbili na nusu ya kina ifikapo saa ya maji kujaa, ambayo siku hiyo iliangukia mchana, saa ileile ambayo upepo wa baharini huwa umekwisha kupata nguvu na wenye chombo wamelala chini ya mti. Na upepo hauongezi mzigo kwa uwiano anaoudhani mtu: kasi ikitoka kilomita 15 kwa saa ikafika 30, nguvu inayokisukuma chombo huwa mara nne, wala si mara mbili. Nimeona vyombo vitatu vikiburura nanga kwa kosa hili moja, na kimojawapo kilikuwa changu.

Basi toa mita 41, utasema, na mambo yaishe. Hayaishi, kwa sababu sasa umejichorea duara. Mnyororo ukinyooka, pamoja na urefu wa chombo chenyewe ambao kwetu ni mita 11, nusu kipenyo ni kama mita 50. Upepo ukigeuka kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, chombo kitakuwa kimehamia umbali wa mita 100 hivi bila nanga kuteleza hata kidole kimoja. Mtu aliye ufukweni anayeona nyumba yake imehama hivyo hupiga kelele, na huenda hakuna kosa lolote lililotendeka. Ama huenda lipo, kwa kuwa mahali ilipohamia panaweza kuwa na mwamba, au maji mafupi kuliko mkuku, ule uti wa chombo unaoshuka chini ya maji, au jirani. Jirani ndiye anayenisumbua zaidi. Watu hudhani kwamba vyombo vyote huzunguka pamoja kama wacheza ngoma waliofundishwa na mwalimu mmoja. Mkondo unapokwenda kinyume cha upepo, chombo chenye mkuku mrefu hufuata mkondo, na chepesi chenye ubavu mkubwa hufuata upepo, hata viwili vilivyolala sambamba asubuhi vikawa vinatazamana uso kwa uso mchana. Aliyetia nanga kwanza ndiye mwenye haki ya nafasi yake, huo ni uungwana wa mabaharia wote, lakini uungwana hauzuii fibaglasi kupasuka.

Hizo dakika 20, basi, ni za nini? Nikishateremsha nanga taratibu huku chombo kikirudi nyuma, hutia injini kinyume, kwanza pole, kisha kwa nguvu, na kushikilia hapo kwa dakika moja nikiangalia alama mbili za nchi kavu zilizopangana mstari mmoja. Zikiachana na zikaendelea kuachana, tunaburura. Kiganja kwenye mnyororo kinaniambia jambo hilohilo mapema zaidi: nanga iliyoshika huutuliza mnyororo ukawa mgumu kama fimbo, ilhali inayoburura huleta mikwaruzo midogo inayokuja na kukoma, kama mtu anayevuta sanduku juu ya sakafu ya kokoto. Maji yakiwa maangavu, huvaa miwani ya kuzamia na kwenda kuitazama. Muda unaobaki ni wa kusubiri tu.

Hapo nakiri kwamba sijui kwa nini ni dakika 20 na si 10. Nilifundishwa hivyo, na sijawahi kuona nanga ikishika dakika ya kumi kisha ikaachia dakika ya kumi na tano. Sina hakika pia na sifa ambazo uzito wa mnyororo hupewa. Katika upepo mwanana mnyororo hulala chini na kulainisha kila mvuto, ila upepo ukiwa mkali kwelikweli hunyooka karibu wote, na ninachokitegemea saa hiyo ni kipande cha kamba ya nailoni nilichokifunga kwake ili kivutike na kupunguza mshtuko. Upepo unapogeuka kinyume kabisa, nimeona nanga ikigeuka ndani ya mchanga bila kutoka, na nimeona nanga hiyohiyo, katika mchanga uliofanana na ule, ikichomoka na kubeba fundo la majani ya bahari lililoizuia kushika tena. Sina maelezo ya kuridhisha.

Mengine nayapitia haraka. Funga valvu za chini ya maji. Acha pampu ya ngama, yaani ya maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, katika hali ya kujiwasha. Washa taa nyeupe ya nanga hata kama jua bado linawaka, kwa maana utachelewa. Kanuni ya 30 ya kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini inaidai usiku, na mchana inadai tufe jeusi upande wa mbele. Maboksi ya karatasi yaache nchi kavu, kwa sababu mende hutaga humo.

Baada ya hayo yote, siku yenyewe ni tamu, na sitaki ieleweke vinginevyo. Saa ya kwanza ardhi hucheza chini ya miguu, hasa ukisimama mahali palipofungwa kuta. Tunatembea polepole kwa kuwa miguu imezoea hatua nne tu kutoka tezi, nyuma ya chombo, hadi jikoni. Tunajaza madumu ya maji, lita 20 kila moja, na kila anayeyabeba hukumbuka kwamba lita ni kilo. Kisha tunatafuta kivuli na kukaa hadi tuchoke kukaa. Mwenzangu hulalamika kwamba katika miaka yote hii hajawahi kupata kiti kinachotazama bahari, maana hicho ni changu, na kwamba nikizungumza naye macho yangu huwa juu ya bega lake, kwenye mlingoti.

Mgeni wetu alistarehe kikamilifu. Alikuwa amejitolea kuifunga boti ya mpira, akaivuta hadi ukingo wa maji yaliyojaa, akaitia kamba kwenye jiwe, akaniambia sasa na hii imeegeshwa. Maji yakipwa mita 3 kwa saa sita hayashuki sawasawa. Saa ya kwanza hushuka robo mita tu, lakini saa ya tatu na ya nne pekee huondoka na mita moja na nusu, na katika ufukwe unaoshuka mita moja kwa kila mita 40, hiyo ni mita 60 za tope. Chombo kilikuwa palepale tulipokiacha, kimegeukia upande mwingine. Boti ya mpira nayo ilikuwa palepale. Bahari ndiyo iliyokuwa imeondoka, na boti tuliibeba, injini na madumu yote pamoja, mgeni akiwa mbele, kofia mkononi, tope likimfika magotini, akiniuliza kwa adabu nyingi maji hurudi saa ngapi.