Je, wajua kwa nini tui la nazi hukatika jikoni?

Mchuzi ulikuwa wa samaki changu. Kitunguu kimeshakaangika, nyanya zimelainika, ukwaju umo, samaki wamepangwa, na bakuli la tui zito liko pembeni linangoja. Nikalimimina lote kwa mara moja, nikafunika sufuria, nikaenda kufungua mlango maana wageni walikuwa wanabisha hodi. Niliporudi na kufunua, juu yalielea mafuta ya njano, chini maji mepesi, na katikati chenga nyeupe zimetapakaa kama maziwa yaliyoganda vibaya. Bibi yangu alichungulia mara moja tu.

“Limekukatikia, mwanangu,” akasema. “Tui haliachwi peke yake.”

Kila aliyepika kwa nazi anaijua hali hiyo. Wapo wanaosema ni mkono wa mpishi, kwamba fulani ana mkono wa tui na fulani hana. Mimi nilitaka kujua ni kitu gani hasa kinachokatika mle sufuriani. Nilipokijua, maagizo yote ya bibi, ambayo utotoni niliyaona ni amri tu za jikoni, yalianza kuwa na maana moja baada ya jingine.

Tuanze na weupe wenyewe. Tui ni jeupe pepe, lakini ndani yake hamna kitu chenye rangi nyeupe. Maji hayana rangi, na mafuta ya nazi yakiyeyuka huonekana kama maji. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta mengi, karibu theluthi ya uzito wake. Unapoikuna kwa mbuzi na kuikamua, mafuta hayo hutoka yakiwa yamegawanyika katika matone madogo kupindukia, ambayo jicho haliwezi kuyaona moja moja, yakiogelea ndani ya maji. Mwanga ukiyapiga hutawanyika kila upande, na sisi tunaona weupe. Kwa hiyo weupe wa tui ni dalili kwamba matone bado yametengana. Likikatika, matone huungana na kuwa mafuta ya kawaida, na weupe hutoweka.

Lakini mafuta na maji tangu lini vikapatana? Mimina mafuta ya kupikia kwenye glasi ya maji, tikisa utakavyo. Ukiiweka mezani, muda si mrefu mafuta yamepanda juu. Kwenye tui, kinachoyazuia matone yasikimbiliane ni protini za nazi. Kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini. Tone likikutana na tone jingine, nguo zao ndizo zinazogusana, mafuta hayagusani, kwa hiyo kila moja linashika njia yake.

Shida ni kwamba nguo yenyewe haitoshi. Katika gramu 100 za tui zito, mafuta ni gramu 24 hivi, na protini ni gramu 2 na kitu. Linganisha na maziwa ya ng'ombe: mafuta gramu 3 hadi 4, protini gramu 3 na kitu. Yaani ng'ombe ana kitambaa kingi na watu wachache wa kuwavisha, ilhali nazi ina kitambaa kidogo na umati wa watu. Tena protini kuu ya maziwa, inayoitwa kaseini, huvumilia moto sana. Ndiyo maana maziwa mabichi mazuri huchemka hadi yakafurika jikoni, na hayakatiki. Protini za nazi hazina uvumilivu huo.

Fikiria ute wa yai. Ukiwa mbichi unaona hadi upande wa pili, na unatiririka. Ukipata moto unakuwa mweupe na kushikamana. Protini za nazi hufanyiwa vivyo hivyo na moto. Kuanzia nyuzi joto 80 hivi, kabla hata maji hayajachemka, huanza kujikunja na kung'ang'aniana. Zile chenga nyeupe nilizoziona kwenye mchuzi wangu zilikuwa hizo protini zilizoiva na kujikusanya. Nguo ikishavuka mwilini, matone ya mafuta yanabaki uchi. Mchuzi unapotokota kwa nguvu, mapovu yanayagonganisha, nayo yanaungana na kupanda juu.

Sasa utaona kwa nini bibi hakuwahi kuweka tui jikoni na kuondoka. Alilitia taratibu, akakoroga, moto wa wastani, sufuria wazi, mpaka lianze kuchemka. Hapo akapunguza makaa. Sufuria ya jiko la mkaa hupata moto mkali chini kuliko juu. Tui lililotulia huungua pale chini na kuanza kuganda huku la juu likiwa bado vuguvugu. Mwiko unasambaza joto, na unayarudisha chini matone yanayotaka kupanda na kurundikana. Kufunika nako kunakusanya joto kwa haraka, na usipoona mchuzi huwezi kujua umeanza kutokota saa ngapi. Wengine husisitiza kukoroga upande mmoja tu. Sioni sababu ya hilo. Cha muhimu ni mwiko usisimame.

Kwa samaki mwiko ni hatari, maana changu au tasi akishalainika, ukimkoroga mara mbili tu anakuwa kisamvu. Bibi alitumia upawa: anauzamisha pembeni mwa sufuria, anachota mchuzi, anaunyanyua na kuumimina tena pale katikati. Chota, mimina, chota, mimina. Samaki hajaguswa, na tui halijapata nafasi ya kutulia. Nilikuwa nikimtazama nikidhani anaonja au anapooza. Kumbe alikuwa anakoroga.

Moto peke yake, hata hivyo, haukutosha kuuharibu mchuzi wangu vile. Nilikuwa nimeusaidia kwa ukwaju. Protini zinazoyavika matone hubeba chaji ya umeme, ndogo mno, ya aina moja kwenye kila tone, na vitu vyenye chaji ya aina moja husukumana. Huo ni ulinzi wa pili. Ukitia kitu kikali kama ukwaju, ndimu, siki au embe bichi, ukali ule unaifuta chaji. Tui bichi lina pH ya 6 hivi (pH ni kipimo cha ukali, na namba yake hushuka ukali ukizidi). Ukilishusha hadi kwenye 4, matone hayasukumani tena bali yananatana. Nyanya nazo ni kali, ingawa si kama ndimu. Mimi nilimimina tui zito, baridi, lote, ndani ya mchuzi unaotokota wenye nyanya na ukwaju. Lilipata mapigo mawili kwa wakati mmoja.

Hii haina maana kwamba mchuzi wa nazi usiwe na uchachu. Mchuzi wa samaki wa pwani bila uchachu mimi siuwezi. Ila kuna utaratibu. Anza na tui la pili, lile jepesi unalolipata ukirudishia maji kwenye chicha na kukamua tena. Lina mafuta kidogo, kwa hiyo halina mengi ya kukatika, na linazimua ukali wa nyanya na ukwaju. Samaki aive humo. Tui la kwanza, ambalo wazee wanaliita kasimile, liingie mwishoni moto ukiwa umeshapungua: chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, uchanganye kwanza kwenye bakuli la tui ili lipate joto, ndipo ulirudishe kidogo kidogo. Likionyesha dalili ya kuchemka, ipua. Na kama ni ndimu, ikamue sufuria ikiwa imeshatua chini, au kila mtu ajikamulie kwenye sahani yake.

Huenda umeona pia kwamba maharage ya nazi hayamsumbui mpishi, wala muhogo, magimbi au ndizi mbichi za futari. Unaweza kuvipika kwa moto wa kutosha na bado rojo likawa zito, jeupe, limeshikana. Siri ni wanga. Vyakula hivyo vinatoa wanga kwenye maji, maji yanakuwa mazito, na matone ya mafuta yanapata tabu kusafiri na kukutana. Samaki hana wanga, mchicha hauna wa kutosha, ndiyo maana sufuria zao ndizo zinazokatika. Kwa hiyo yule mpishi anayekoroga kijiko cha unga wa mchele kwenye maji baridi na kukitia kwenye mchuzi wa nazi hadanganyi mtu. Anaazima wanga ambao samaki hakuja nao. Tui la kopo na la pakiti mara nyingi limefanyiwa jambo linalofanana na hilo kiwandani: matone yamepasuliwa yakawa madogo zaidi, na limetiwa gundi za mimea za kuyashikilia. Linastahimili mchemko ambao tui la kukuna lingekuwa limeshakata tamaa. Kwa ladha, bado nachagua la mbuzi na kifumbu.

Kuna kukatika kwingine ambako kosa halipo jikoni kabisa. Niliwahi kukuna nazi asubuhi, nikalikamua tui nikaliacha kwenye bakuli hadi jioni, nikiona nimejirahisishia kazi. Lilipopata moto tu likawa chenga, bila ndimu, bila nyanya. Lilikuwa limechacha. Kwa joto la pwani, saa chache zinawatosha bakteria kula sukari ya tui na kuacha asidi, na asidi hiyo inafanya kazi ileile ya ukwaju. Pua ingeniambia kama ningeinusa. Nazi yenyewe nayo inaweza kuwa imeharibika kabla hujaivunja. Wanaosema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa na jambo la kweli kabisa la jikoni: ukikuna nazi tatu kwenye sinia moja na ya tatu ikawa imeoza, umepoteza zote. Vunja moja, nusa, onja kipande, kisha ndipo ukune.

Usichanganye kukatika na kujitenga. Tui likikaa kwenye friji usiku kucha utakuta tabaka gumu jeupe juu na maji chini. Hapo hamna kilichoharibika. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo matone yamepanda yakiwa bado na nguo zao, na kwa kuwa mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, tabaka limekuwa gumu. Likipata joto la jikoni ukalikoroga, linarudi. Lililogandishwa likawa barafu ni jambo jingine: chembe za barafu zina ncha, zinazitoboa zile tando, na likiyeyuka mara nyingi linakuja limeshaachana. Tui la namna hiyo mimi nalitumia kwenye wali.

Wali wa nazi hauna habari na haya yote. Tui likatike lisikatike, maji yatanyonywa na mchele, na mafuta yatabaki yamezipaka punje hata zikachambuka moja moja. Chenga za protini na sukari ya nazi zinakaa chini na kugeuka ukoko mtamu ambao watoto wanaugombania. Shida za wali ziko kwenye maji na moto wa kupalia, na hizo ni habari za siku nyingine.

Na likishakatika kwenye mchuzi, je, linarudi? Kusema kweli, halirudi lote. Yai lililoiva haliwi bichi tena, na protini za nazi ni hivyohivyo. Lakini mchuzi unaokolewa. Ipua, toa samaki uwaweke pembeni, acha mchuzi upoe kidogo, kisha uupige kwenye blenda au kwa mchapo. Matone yatapasuka tena na chenga zitasagika. Rudisha jikoni moto mdogo, tia ule uji mwepesi wa unga wa mchele, koroga hadi ushikane, na kama una tui bichi lililobaki, malizia nalo. Siku ile ya changu sikuyajua hayo. Bibi aliteka mafuta ya juu kwa kijiko, akakamua nazi nusu nyingine haraka haraka, akalitia tui lake upawa kwa upawa. Wageni walikula wakaomba wali wa kuongeza.

Yale mafuta hakuyamwaga. Kwake kukatika kwa tui kulikuwa pia kazi ya makusudi: nazi zikiwa nyingi alilichemsha kasimile peke yake, bila kujali kutokota, hadi maji yote yakaisha, yakabaki mafuta safi juu na mashapo ya kahawia chini. Mara nyingine hakuwasha moto kabisa. Aliliacha tui lichache usiku kucha, asidi ikavua zile nguo kimyakimya, asubuhi akateka mafuta yaliyopanda. Aliyatia kwenye chupa, ya nywele na ya kukaangia. Chupa hiyohiyo ukiiweka dirishani Tanga mafuta yanacheza kama maji. Ukiipandisha Lushoto, kwenye baridi ya milimani, kesho yake inabidi uichovye kwenye maji ya moto ndipo yatoke.