Mapafu ya mtoto njiti na maneno ya majirani

Binti yangu alizaliwa wiki ya 27, gramu 940. Siku 28 zilipita akiwa bado kwenye oksijeni. Hata muda ambao angetimiza wiki 36 tumboni ulipofika, alikuwa bado anaihitaji, na hapo daktari akatuambia ana ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto njiti. Tuliporudi nyumbani Umoja, Nairobi, na mashine ya oksijeni, kila aliyekuja kumwona alikuja na maelezo yake.

"Ni baridi iliyomwingia kifuani." Hii niliisikia kuliko zote, na ndiyo inayoniogopesha. Ugonjwa huu hauletwi na baridi. Vifuko vidogo vya hewa ambavyo mimi na wewe tunapumulia huanza kuumbika vizuri karibu na wiki ya 36, kisha huendelea kuongezeka miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Mtoto wa wiki 27 hana. Hana pia safaktanti ya kutosha, ule utelezi unaozuia mapafu yasijikunje anapotoa pumzi. Inabidi asaidiwe kwa hewa ya kusukumwa na oksijeni, na msaada huo unaomwokoa unaweza kuyajeruhi mapafu ambayo bado yanajengeka. Mwaka 1967, huko Marekani, Dkt. William Northway na wenzake walieleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, walipochunguza watoto njiti waliokuwa wamewekwa kwenye mashine za kupumulia.

Ukishaamini ni baridi, utatafuta moto. Julai ya Nairobi tunaijua: jiko la makaa linawashwa nje, likikolea linaingizwa chumbani, dirisha linazibwa kwa tambara. Makaa yale hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Huua hata watu wazima usingizini. Na palipo na mashine ya oksijeni, moto hushika upesi na kuwaka vikali. Mama mkwe alileta jiko kwa mapenzi kabisa. Nikamwambia, "Mama, naomba tulitoe, nitampa joto langu." Njiti hupoteza joto haraka kweli, hapo hakukosea. Nikamvua mtoto, nikamwachia nepi, kofia na soksi, nikamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, leso juu yetu. Chini ya kiganja changu mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka, nyembamba kama njiti za kiberiti. Namna hii ya kumbeba mtoto ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati hospitali ilikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, vile visanduku vya kuwatunzia joto.

"Akizoea oksijeni hataiacha." Jirani mmoja aliwahi kumvua mrija puani "apumzike kidogo". Oksijeni haina uraibu. Ikipungua, mishipa ya mapafu hubana, moyo hufanya kazi ya ziada, na mtoto haongezi kilo. Ikizidi nayo ina madhara, hasa kwa macho ya njiti, kwa hiyo mimi sigusi kile kirungu cha kuongeza na kupunguza bila daktari kusema. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Pumzi moja hapa ina oksijeni pungufu kuliko pumzi ileile Mombasa, na macho hayawezi kukuambia kiasi gani. Kinachosema kweli ni kile kipimo chenye taa nyekundu kinachofungwa mguuni. Stima ikipotea, mtungi wa oksijeni wa akiba uko nyuma ya mlango, na kila mtu wa nyumba hii anajua kuufungua.

"Ugonjwa huu utawaambukiza wengine." Hapana. Sisi ndio wa kumwambukiza yeye. Mafua yanayokupa wewe siku mbili za kupiga chafya yanaweza kumrudisha wodini. Mwenye kikohozi asubiri, na atakayeingia anawe mikono. Sigara hata kwenye ngazi hapana.

"Chanjo zingoje anenepe." Wiki za chanjo, ya 6, ya 10 na ya 14, huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Ya nimokoka, kijidudu kinacholeta nimonia, inayotolewa Kenya tangu 2011, ndiyo hasa anayoihitaji mtoto mwenye mapafu kama haya.

"Ulibeba mitungi ya maji." Mama mwenzangu, kama umeambiwa hivi, pole sana. Uchungu wa mapema huja kwa maambukizi, kwa presha ya mimba, kwa mapacha, na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Linalofaa kusambazwa mtaani ni hili: ukishikwa na uchungu kabla ya wakati, kimbia hospitali usiku huohuo. Ipo sindano ya steroidi anayodungwa mama ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Liggins na Howie wa New Zealand walichapisha ushahidi wake mwaka 1972, nayo inahitaji saa kadhaa ifanye kazi.

"Hatakua kama wenzake." Mapafu mapya huota kadiri anavyokula, na kwa kuwa kupumua tu kunamchosha, anahitaji chakula zaidi ya wenzake. Wengi huachishwa oksijeni ndani ya mwaka mmoja au miwili, ingawa wengine hubaki wakikoroma kifuani kila wapatapo mafua. Wangu ana miezi 14, lakini kwa hatua za ukuaji kliniki wanamhesabia 11, tangu tarehe aliyotarajiwa. Anasimama akishikilia kochi. Mashine ni ya usiku tu sasa, na mashavuni alama za plasta zimeanza kufutika.