Mitandao ya kijamii ya kripto: nikuambie ninachokiona mbele

Haipiti wiki sijaandikiwa ujumbe wa namna hii: "Kaka, kuna mtandao mpya, ukiposti unalipwa kwa kripto. Niingie?" Kazi yangu ni kuandika programu za malipo, na mitandao hii ya kulipana kwa kripto, yaani sarafu za kidijitali, naifuatilia tangu 2017. Leo nijibu kwa kirefu.

Nianze na friend.tech, mmojawapo wa mitandao hiyo, maana hesabu zake zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Ilizinduliwa Agosti 2023. Kila mtumiaji alikuwa na "funguo" za kuuza, na ukinunua ufunguo wa mtu unaingia kwenye chumba chake cha maongezi. Bei haikupangwa na mtu. Unachukua idadi ya funguo za mtu huyo zilizopo, unaizidisha kwa yenyewe, unagawanya kwa 16,000, na jibu ndiyo bei kwa etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum. Zikiwepo 10, unaofuata ni etha 0.00625. Zikifika 100, ni etha 0.625, kama dola 1,000 kwa bei za wakati ule. Ukinunua unakatwa asilimia 10, ukiuza unakatwa tena: nusu ya mwenye chumba, nusu ya waendeshaji.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya huyo aliyelipa dola 1,000. Maongezi hayamhusu tena, anachosubiri ni mtu mwingine aje anunue kwa bei ya juu zaidi. Na hapa ndipo penye ubaya wenyewe: kila anayeuza anashusha bei ya waliobaki. Kwenye grupu la kawaida mtu akitoka mnamsahau kesho yake. Humu, rafiki akiondoka anaondoka na sehemu ya hela yako, kwa hiyo wote mmekaa macho mlangoni, kila mmoja akihofia kuwa wa mwisho kutoka. Sijui urafiki gani unaota kwenye chumba cha hivyo. Septemba 2024 waanzilishi walihamishia mamlaka ya mikataba ya programu kwenye anwani isiyomilikiwa na mtu yeyote, yaani hakuna tena aliyeweza kuibadilisha. Kufikia hapo watu walikuwa wameshatawanyika.

Steemit, ya 2016, ilikuwa na njia nyingine: makala ikipigiwa kura, mwandishi analipwa sarafu mpya. Lakini uzito wa kura ulitokana na wingi wa sarafu ulizonazo, na haukupita muda kura zenyewe zikawa bidhaa ya kuuzwa. Watu wakaandika kuwafurahisha wenye sarafu.

Hata hivyo Steemit ilitufundisha jambo ambalo sijaona likitokea Facebook. Mapema 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa kripto wa Tron, aliinunua kampuni ya Steemit, na mwezi Machi masoko ya kripto yakamuunga mkono, yakatumia sarafu za wateja wao kupiga kura na kuwaondoa waliokuwa wakiusimamia mtandao. Watumiaji wakagoma. Tarehe 20 Machi 2020 walinakili daftari zima la blokchaini, akaunti na makala zote ndani yake, wakaanzisha Hive. Walihama na majina yao na maandishi yao ya miaka. Wewe mwenye ukurasa wa biashara wenye wafuasi 40,000, ukifungiwa leo unahama na nini?

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye Nostr, mtandao wa kijamii unaofunguliwa kwa programu nyingi tofauti, nao hauna sarafu yake kabisa. Akaunti yako ni jozi ya funguo: mmoja wa wazi ndio jina lako, mwingine wa siri ndio saini yako. Programu moja ikikufungia, unafungua nyingine, unaweka ufunguo uleule, na wafuasi wako unawakuta. Aliyependa posti yako anakutumia satoshi 21, yaani vipande vidogo sana vya bitcoin, kwa Lightning, njia ya kutuma bitcoin haraka, na hiyo inaitwa zapu. Apple iliibana Damus, mojawapo ya programu za Nostr, mwaka 2023 hadi ikaondoa kitufe cha zapu chini ya posti, lakini mtandao wenyewe haukuzimika, kwa sababu hauko mikononi mwa kampuni yoyote.

Kinachoninyima usingizi ni ufunguo kupotea. Kijana ninayefanya naye kazi aliporwa simu akiwa amekaa dirishani kwenye daladala. Kesho yake alikwenda dukani, NIDA na alama ya kidole, akarenew laini, na salio lake likawa palepale. Akaunti yake ya Nostr haikurudi. Ufunguo ulikuwa ndani ya simu ile tu, na hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Mama lishe anayepokea oda zake mtandaoni siwezi kumwambia ahamie mahali pa namna hiyo, si sasa.

Lakini jibu tunalijua, tena tumelizoea. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti. Kihisabati, mtaalamu wa kompyuta Adi Shamir alionyesha tangu 1979 namna ya kuigawa siri vipande ili baadhi vikikutana ifunguke, na pungufu ya hapo isifunguke. Mtandao utakaoliweka hilo mbele ya mtumiaji bila kumtesa, huo nitakwambia uingie.

Mimi ufunguo wangu nimeugawa vipande vitano, vitatu vikikutana unafunguka. Kimoja kiko Tanga kwa dada yangu, kimeandikwa kwa peni kwenye karatasi, ndani ya bahasha ya vyeti vyake vya shule.