Eti riadha ni ya kuangalia kwa TV tu?

Sisi Wakenya tunajiita nchi ya riadha lakini ambia watu mwende uwanja wa Nyayo Jumamosi kuangalia mbio uone, nusu yao watakuangalia kama umewaalika baraza la chifu. Kila mtu ana sababu yake, na nyingi ya hizo sababu ni vitu mtu alisikia mahali akavibeba hivyo hivyo. Nitapitia zile nasikia kila mara.

Ya kwanza ndiyo mama yao: "kwa TV naona vizuri zaidi." Unaona vizuri kile mwenye kamera ameamua uone, hiyo ndiyo shida. Uwanjani jioni moja vitu vitatu vinne vinaenda pamoja, mita 5000 zinazunguka, mkuki unarushwa katikati, kule pembeni wasichana wanaruka juu, na wewe mwenyewe ndiye unaamua macho yako yaende wapi. Kwa TV mkuki unapewa mitupo miwili, tena ya marudio, halafu wanarudi kwa mbio. Ndio maana mpaka leo kuna watu wanaamini Julius Yego alitoka hewani tu siku ile Beijing 2015 alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, kwa sababu kabla ya hapo hakuna mtu aliwahi kuonyeshwa mkuki ukirushwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho akaona vile mtu anajengeka, anakosea, anabadilisha mkimbio wake, anarudi tena.

Halafu kuna kasi. Kamera inakimbia sambamba na mwanariadha kwa hivyo machoni pako ni kama anajog. Beatrice Chebet alipoweka rekodi ya mita 10,000 pale Eugene 2024 alitumia dakika 28:54.14, gawanya kwa raundi 25 utapata kila raundi ni sekunde 69 na kitu. Kwa sofa hiyo ni namba tu. Nenda karibu na kona watu wa kiwango hicho wakipita, usikie spaiki zikigonga traki na zile pumzi, wapotee, na kabla hujamaliza kufungua chupa ya maji wamefika tena. Ama ujaribu mwenyewe raundi moja tu kwa sekunde 69, moja, alafu urudi tuongee. TV inanishinda kwa marudio na kwa choo kuwa karibu, hiyo nakubali.

Inayofuata ni ya wale wameshakubali kwenda lakini wanataka kukaa finishi pekee. "Kiti cha finishi ndio kiti." Sio uongo kabisa, ukitaka kuona nani ameshinda mita 100 kaa pale sawasawa na mstari, kwa sababu ukiwa mita thelathini nyuma yake macho yanakudanganya, yule wa leni ya karibu na wewe unamwona mbele kumbe ni wa nne. Lakini mita 100 ni sekunde kumi, na umekuja kukaa masaa manne. Mbio za kuruka viunzi na maji raha yake iko pale kwa shimo la maji, wanapita hapo mara saba na hapo ndipo wengi mbio huwaharibikia. Kupokezana vijiti kaa kwenye kona, vijiti vinaanguka huko si finishi. Na mbio ndefu usikae chini karibu na traki sana, panda juu, ndio uone nani amefungiwa ndani na nani anajisogeza polepole kabla kengele ya raundi ya mwisho haijalia. Viti vya juu mara nyingi ndivyo vya bei nafuu, kwa hivyo wenye pesa wakae na finishi yao.

Kuhusu leni sitakaa sana. Kila mita 400 zikipangwa lazima mtu aulize mbona yule wa nje amewekwa mbele, anapendelewa? Hapana bana. Zile 400 zinapimwa kwa leni ya kwanza, na ukizunguka leni ya 8 raundi nzima unapita mita 450, kwa hivyo anasogezwa mbele mita 53 hivi ili wote wakimbie sawa. Na hiyo leni kwa kawaida haipendwi kwa sababu uko peke yako huko mbele huoni mtu. Ndio maana Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini kushinda Rio 2016 kwa 43.03, rekodi ya dunia, akitokea leni ya 8, watu wa riadha bado wanaizungumzia.

Sasa hii ya Nairobi ndiyo inanichekesha. Mtu anasema nitaenda uwanjani siku mashindano ya Kip Keino Classic yako mjini nione rekodi ya dunia ya mita 5000, si Kenya ndio nyumbani kwa mbio ndefu? Ndio ni nyumbani, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni kidogo, na mtu wa mbio ndefu anaumia hata kama amezaliwa Iten kule milimani. Faith Kipyegon rekodi zake alizivunjia Florence, Paris na Eugene, chini huko. Wanaopenda hewa yetu ni wale wa mbio fupi, kwao hewa nyepesi ni kizuizi kidogo na hawahitaji kuvuta pumzi ya dakika kumi na tatu. Septemba 18, 2021 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, Trayvon Bromell alikimbia mita 100 kwa 9.76 na Ferdinand Omanyala akawa nyuma yake kwa 9.77, rekodi ya Afrika, na upepo ulikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Mexico 1968 ilikuwa hivyo hivyo, uwanja uko mita 2,240 juu, Bob Beamon akaruka mbali mita 8.90, lakini muda wa mbio ndefu ulikuwa wa pole na waliotamba ni wale wamezoea milima, akiwemo Kip Keino mwenyewe kwa 1500. Kwa hivyo ukienda uwanjani Nairobi usichelewe ukidhani mbio fupi ni za kufungulia ukumbi tu. Kwa mbio ndefu njoo uone vita, saa usiitazame sana.

Kelele nayo. Kuna watu wanafikiri shabiki mzuri ni yule wa kupuliza vuvuzela kutoka asubuhi mpaka lango linafungwa. Kwa mpira sawa. Kwa riadha mwanzishaji akiwaambia wakae tayari, uwanja mzima unanyamaza, hata muuza njugu, kwa sababu wale wako kwa bloku za kuanzia wanasubiri mlio mmoja, na tangu 2010 ukitoka mapema mara moja tu umeenda nyumbani. Usain Bolt alitolewa hivyo kwenye fainali ya mita 100 Daegu 2011, Bolt! Kwa hivyo filimbi yako ya kijinga inaweza kumharibia mtu kazi ya miaka minne. Kwa waruka mbali na waruka juu ni kinyume, wengine huinua mikono wenyewe kuomba makofi na mdundo wa mkimbio wao unakaa juu ya makofi yako, hapo piga mpaka viganja viwake.

"Waweka kasi ni wizi" nasikia sana kwa wale wapya. Mtu anaona jamaa anaongoza raundi tatu halafu anatoka nje anashika magoti, anaanza kusema mechi imepangwa. Ni kazi yake, amelipwa aweke kasi, sheria zinaruhusu mradi ameanza mbio pamoja na wenzake, na hakuna sheria inayomlazimisha atoke. Tom Byers mwaka 1981 pale Oslo wakamwachia pengo wakidhani atachoka, akaendelea tu akashinda 1500 na Steve Ovett akiwa nyuma. Nadhani Vienna 2019 ndiyo ilichanganya watu, Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 waweka kasi walikuwa wanaingia na kutoka kwa zamu, na hiyo ni moja ya sababu haikuhesabiwa rekodi. Olimpiki hakuna kuwekewa kasi, David Rudisha London 2012 aliongoza mita 800 mwenyewe tangu mwanzo, 1:40.91.

Ya mwisho ni ya wale wanaokimbilia matatu mara tu wa kwanza akivuka mstari. Saa ya ubao inaposimama hayo si matokeo, ni makadirio. Matokeo yanatoka kwa picha ya finishi, na kinachohesabiwa ni kiwiliwili, si kichwa wala mkono wala mguu. Paris 2024 Noah Lyles na Kishane Thompson wote walipewa 9.79, tofauti ilikuwa sehemu tano tu kati ya elfu za sekunde moja, na uwanja mzima pamoja na Lyles mwenyewe walisubiri ubao. Na hata baada ya ubao kuna rufaa. Hiyo hiyo Paris, Kipyegon alimaliza wa pili mita 5000, akaondolewa kwa kusukumana na Gudaf Tsegay, baadaye akarudishiwa medali yake ya fedha. Ezekiel Kemboi hakubahatika hivyo, Rio 2016 alimaliza wa tatu mbio za viunzi na maji, Wafaransa wakakata rufaa kwamba alikanyaga ndani ya mstari, na shaba ikaenda kwa Mahiedine Mekhissi. Kwa hivyo ukitoka na wale wa matatu unaweza fika mtaani ukihadithia mshindi ambaye si mshindi.