Ngalawa si jahazi: kuweka lebo kwenye picha za Wikimedia Commons

Sisi tunaotunza picha za kale huulizwa sana: nimepakia picha yangu Wikimedia Commons, kesho yake lebo nilizoweka hazipo, nimekosa nini? Pengine hujakosa chochote. Hazina hiyo ya picha huria ilianza Septemba 2004, leo ina faili zaidi ya milioni 100, na haina mkutubi mkuu. Anayejiunga anaweka lebo, mwingine anaiondoa.

Mpangilio wa zamani ni wa "jamii", nazo zifikirie kama rafu. Kanuni inataka picha ikae kwenye rafu ndogo kabisa inayoifaa, isirudiwe kwenye rafu kubwa iliyo juu yake. Ukiuweka mlango wa nakshi kwenye milango ya Mji Mkongwe, kisha ukaongeza na Zanzibar, atakuja mtu afute hiyo ya pili. Hajakuonea. Ila picha ya jirani yako huenda ina zote mbili mwaka wa tatu sasa na hakuna aliyeigusa.

Mwaka 2019 ukaongezwa mfumo mwingine: unataja vitu vinavyoonekana pichani, na majina yake yanatoka Wikidata, hifadhidata huria iliyo dada ya Commons. Hapa ndipo kila mtu ana lwake. Mmoja ataandika "ngalawa" basi. Mwenzake ataandika ngalawa, tanga, bahari, mchanga, wingu, mbwa. Sasa anayetafuta picha nzuri ya tanga anamwagiwa picha za ufukweni ambamo tanga ni kidoa tu kule mbali.

Kuna na suala la lugha. Majina ya jamii kwa kawaida ni ya Kiingereza, isipokuwa viumbe hai, ambao hupewa jina la kisayansi la Kilatini. Kanga ya kuvaa utaikuta kwa jina lake, maana Kiingereza kimeliazima. Kanga ndege yuko kwenye Numida meleagris. Mimi kanuni hii ya Kilatini siichukii: Mfini na Mmakonde wanakutana kwa ndege yuleyule.

Kinachoniudhi ni vyombo vya baharini. Kwa mgeni, chochote chenye tanga la pembe tatu ni "dhow", basi jahazi, mashua na ngalawa vinatiwa kapu moja. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo wenye ndubi mbili, moja kila ubavu, zinazouzuia usipinduke. Jahazi ni chombo kikubwa cha mbao, cha shehena. Mvuvi wa Bagamoyo havichanganyi hata gizani.

Kwa hiyo anza na maelezo, na uyaandike kwa Kiswahili, inaruhusiwa. Taja chombo kwa jina lake, mahali, na mwaka. Kisanduku cha kutafutia huyasoma, na watu hawayafuti ovyo kama wanavyofuta jamii. Halafu nenda Wikidata: kama kitu hakina jina la Kiswahili, liongeze. Ukiliandika mara moja, kila picha iliyotajiwa kitu hicho itamwonyesha jina hilo msomaji aliyechagua Kiswahili.

Na jamii yako ikitoweka, usiirudishe kwa hasira. Fungua historia ya ukurasa usome aliyeibadilisha ameandika nini, kisha muulize kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Mara nyingi utakuta haikufutwa, imehamishiwa rafu ndogo zaidi ambayo hukujua kama ipo.